Kuumia Shambani: Namna ya Kuandika Ajali, Kuifuatilia na Kudai Fidia

Katika mashamba mengi, mtu akiumia saa nne asubuhi, kitu cha kwanza kuandikwa ni kwamba siku yake haikutimia. Karani anakata siku na msimamizi anatafuta mtu wa kumalizia ngwe iliyobaki, na aliyeumia anapanda bodaboda kwenda zahanati kwa pesa yake. Miezi sita baadaye kidonda kimepona ila vidole viwili havikunji tena, na shamba zima hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliumia kazini.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Ni kwa mwenye shamba anayeajiri, karani, msimamizi, tawi la chama cha wafanyakazi na kibarua mwenyewe. Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba aulize huko.

Sheria ya kushika ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Msingi wake ni kwamba aliyeumia akiwa kazini halazimiki kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwa mfanyakazi, kwamba aliumia, na kwamba kuumia kwenyewe kulitokana na kazi. Mambo hayo matatu yote huthibitishwa kwa maandishi, ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu daftari.

Hatua ya kwanza: weka majina sawa kabla mtu hajaumia

Mwajiri anapaswa kujisajili WCF na kuchangia kila mwezi. Tangu Julai 2022 mchango ni asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi, kwa sekta binafsi na ya umma. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi anachangiwa shilingi 1,000 tu. Fedha hiyo inatoka mfukoni mwa mwajiri, na ukiona umekatwa mshahara kwa jina la WCF, uliza papo hapo, maana mfanyakazi hachangii hata senti.

Tatizo kubwa la mashambani ni vibarua. Wapo wenye mashamba wanaoamini kwamba kibarua wa palizi, mchuma chai anayelipwa kwa kilo au mkata mkonge anayelipwa kwa mita hahusiki na sheria hii kwa kuwa hana mkataba wa maandishi. Sivyo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na kulipwa kwa kipimo cha kazi hakumtoi mtu kwenye ufanyakazi. Kinachomwangusha ni kukosa ushahidi kwamba siku ile alikuwepo.

Kwa hiyo daftari la mahudhurio lijazwe asubuhi, kabla watu hawajaingia shambani. Liwe na majina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa kama ipo, namba ya simu, kazi ya siku hiyo na fildi, yaani kipande cha shamba anachofanyia kazi. "Mama Asha na wenzake 12" si mahudhurio. Mmoja kati ya hao 12 akikatwa na panga, utaanza kutafuta jina lake wakati damu inamwagika.

Iwapo wafanyakazi wameletwa na mtu wa kati, kama inavyotokea sana kwenye miwa na mpunga wakati wa mavuno, kubalianeni kwa maandishi nani ni mwajiri wao na nani anawachangia. Swali hilo lisisubiri ajali.

Na kibarua, usiache usalama wako wote mikononi mwa karani. Piga picha ukurasa wenye jina lako kila wiki, au kikaratasi chako cha malipo. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe.

Hatua ya pili: tibu kwanza, lakini beba kinachotakiwa

Uhai kwanza, karatasi baadaye. Ila yapo mambo machache ambayo yasipofanyika saa hiyo hayarudi.

Aliyepatwa na sumu ya kiuatilifu apelekwe hospitali pamoja na lebo au chombo cha dawa yenyewe, kimefungwa vizuri kwenye mfuko. Mganga akiambiwa "alikuwa anapuliza dawa ya wadudu" hajaambiwa kitu, anahitaji jina la kiambato, yaani kemikali yenyewe iliyomo ndani ya dawa. Jasho jingi, mate kujaa mdomoni, machozi, mboni za macho kuwa ndogo na misuli kutetemeka ni dalili za kundi la dawa ambalo lina tiba yake mahususi, na dakika zina thamani. Kabla ya safari, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Anayemwosha avae glovu.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, mguu au mkono usichezeshwe, apelekwe haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Andika saa aliyoumwa, kwani watakuuliza hospitali.

Jicho lililochomwa na mwiba wa mkonge lisisuguliwe wala kutiwa dawa za kienyeji. Mwiba uliobaki ndani usichomolewe shambani.

Pale mapokezi, mgonjwa au msindikizaji aseme wazi, "Ameumia kazini, shamba fulani, akifanya kazi fulani," na ahakikishe maneno hayo yameandikwa kwenye cheti. Nimeona madai yakikwama miezi kwa sababu cheti cha siku ya kwanza kilisema "jeraha la mkono" na basi. Hapo Mfuko unalazimika kuuliza kama aliumia shambani au nyumbani akipasua kuni. Kama ni ajali ya barabarani, mathalani trela la kubebea watu limepinduka, pitieni polisi mpate fomu ya PF3. Safari katika gari aliloliweka mwajiri kwa ajili ya kubeba wafanyakazi ni sehemu ya kazi, na waliokuwemo wote waandikwe, hata waliotoka wakidhani hawana kitu. Maumivu ya shingo na mgongo hujitokeza kesho yake.

Risiti za dawa, vipimo na nauli zihifadhiwe zenyewe, na nakala pembeni.

Hatua ya tatu: andika siku hiyohiyo

Hapa ndipo dai linaposimama au kuanguka. Shamba lolote lenye mfanyakazi hata mmoja liwe na daftari la ajali, gumu, lenye kurasa zilizopigwa namba ili ukurasa usichanwe. Kompyuta ni nzuri ofisini, lakini ajali hutokea fildi namba 9, ambako umeme haupo. Daftari liwe mahali ambapo msimamizi wa zamu analifikia bila kuomba ufunguo kwa mtu.

Linganisha maandishi haya mawili. La kwanza ni la aina inayopatikana kwenye madaftari mengi:

"Tar. 14. Mkata mkonge ameumia jicho. Amepewa ruhusa."

La pili ni tukio lilelile likiandikwa inavyotakiwa:

"Jumanne tarehe 14, saa 4:20 asubuhi, fildi namba 7. (Jina kamili, namba ya mahudhurio.) Mkata mkonge, yupo kazini tangu saa 12:30. Alikuwa anakata majani ya chini, jani la juu lilirudi na ncha ya mwiba ikamchoma jicho la kushoto. Hakuwa na miwani, miwani iliyopo stoo ni 5, wakataji leo walikuwa 22. Alifunikwa jicho kwa kitambaa safi bila kukandamiza. Aliondoka na pikipiki ya shamba saa 4:45, akafika kituo cha afya saa 5:30. Mashahidi: wakataji wawili wa mistari ya jirani, majina na sahihi zao hapa chini. Imeandikwa saa 7 mchana na msimamizi wa zamu."

Tazama sentensi ya miwani. Wasimamizi wengi huiogopa wakidhani inawafunga kitanzi. Kwa upande wa fidia haimnyimi mfanyakazi haki, na kwa upande wa shamba ndiyo sentensi pekee itakayomfanya mwenye mali anunue miwani 17 zilizopungua. Daftari linaloficha sababu litaandika ajali ileile mwaka ujao.

Andika kilichoonekana, usiandike hukumu. "Alikuwa mzembe" ni hukumu. "Alitia mkono kwenye korona (mashine ya kuchakata mkonge) ikiwa inazunguka ili atoe jani lililokwama, kinga ya mashine ilikuwa imetolewa" ni habari. Ya pili inamwambia msomaji kila kitu kuhusu mashine, msukumo wa kazi na nani alitoa kinga. Vivyo hivyo kwa mashine ya kupukuchulia mahindi, ya kukatia majani ya mifugo, na shafti inayozunguka nyuma ya trekta, ambayo hushika kanga au shati na haiachii.

Aliyeumia asomewe kilichoandikwa, kwa lugha anayoielewa, kisha atie sahihi au dole gumba. Apige picha ukurasa huo. Akiwa hospitali, ndugu au mwakilishi wa wafanyakazi apige kwa niaba yake.

Na ziandikwe pia ajali zilizoponea chupuchupu: panga lililochomoka kwenye mpini likapita kando ya mguu, trekta lililoteleza kwenye mteremko bila kupinduka. Mstari mmoja unatosha. Hazina fidia, ila zina taarifa.

Hatua ya nne: toa taarifa, na hesabu siku

Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, mwenyewe au kupitia mtu. Kwa mdomo inafaa, lakini ujumbe wa simu ni bora kwa kuwa unabaki na tarehe. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kuifikisha taarifa WCF, kwa mfumo wao wa mtandaoni au katika ofisi yao. Siku hizo zinaanza alipojua, hazingoji mgonjwa atoke wodini.

Kuna taarifa nyingine inayokwenda OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Hizi ni ofisi mbili zenye kazi tofauti. WCF inalipa fidia, OSHA inachunguza kwa nini watu wanaumia na kuagiza marekebisho. Kupeleka taarifa kwa mmoja hakukutoi kwa mwingine. Kifo au ajali kubwa itolewe taarifa mara moja kwa simu, mashine isiguswe mpaka wakaguzi waelekeze, isipokuwa kwa kumwokoa mtu.

Mwajiri akikaa kimya? Usikae kimya naye. Mfanyakazi au familia yake wanaweza kwenda ofisi ya WCF ya mkoa au kanda wakiwa na walichonacho: cheti cha hospitali, picha ya mahudhurio, majina ya mashahidi. Kutosajiliwa au kutochangiwa ni kosa la mwajiri, na Mfuko ndio utakaopambana naye. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, TPAWU, kina matawi kwenye mashamba makubwa, na mwakilishi anayejua njia huokoa safari nyingi za bure.

Dai lenyewe lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ni muda mrefu kwa kuutazama, lakini mwaka wa mkulima una misimu miwili tu, na vibarua huhama. Shahidi wako wa leo mwezi ujao yuko Kilombero kwenye miwa.

Hatua ya tano: jua unachodai

Mafao yapo ya aina saba: matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu, huduma ya utengamao (kumsaidia aliyeumia arudi kwenye shughuli zake), posho ya mtu wa kumhudumia asiyejiweza, malipo kwa wategemezi wa aliyefariki, na gharama za mazishi.

Ulemavu wa muda ni kipindi ambacho huwezi kufanya kazi ukiwa unatibiwa. Fidia yake ni asilimia 70 ya kipato chako, na inaweza kwenda hadi miezi 24. Wa kudumu unapimwa baada ya matibabu kufika mwisho wake, na daktari hutoa kiwango kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo usikimbilie kupimwa kidonda kikiwa bado kibichi, wala usiache mazoezi ya viungo ukidhani ulemavu mkubwa una faida. Mkono unaofanya kazi hauna bei.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Fidia inapigwa kwa kipato kilichoandikwa. Mwajiri anayepeleka WCF kima cha chini ilhali mkata mkonge wake anafikisha mara mbili yake kwa mita za ziada, anajiokolea mchango mdogo mno na kumnyang'anya mtu huyo nusu ya fidia yake. Tuseme kipato halisi ni shilingi 300,000 na kilichoandikwa ni 150,000. Asilimia 70 inayostahili ni 210,000 kwa mwezi, atakayopata ni 105,000. Mchango uliookolewa ni shilingi 750. Huo ni wizi, hata kama umefanywa kwa uvivu wa kujaza fomu. Mfanyakazi, linganisha kila mwezi unachopokea na kilichoandikwa.

Hatua ya sita: fuatilia kama unavyofuatilia shamba

Fungua faili moja kwa kila dai. Ndani yake: nakala ya ukurasa wa daftari, taarifa iliyopelekwa na namba yake ya kumbukumbu, ripoti ya kwanza ya daktari, za maendeleo, ya mwisho, risiti, na mahudhurio ya siku ya ajali. Juu ya jalada bandika karatasi ya tarehe: imepelekwa lini, nimepiga simu lini, nimeongea na nani, ameniambia nini. Kila unapokwenda kliniki, hakikisha ripoti imejazwa kabla hujaondoka. Kurudi kufuata sahihi ya daktari aliyehamishwa kituo ni kazi inayochosha kuliko jeraha lenyewe.

Uamuzi ukitoka, omba uwe wa maandishi. Hukuridhika na asilimia uliyopewa? Andika barua ya kuomba mapitio, ambatisha maoni ya daktari mwingine kama unayo. Na hali ikizidi kuwa mbaya baada ya malipo, irudishe mbele ya Mfuko, usinyamaze.

Magonjwa yanayokuja polepole

Ajali ina saa na mahali. Ugonjwa wa kazi hauna, ndiyo maana haudaiwi sana. Kifua cha miaka ya vumbi kwenye chumba cha brashi za mkonge, usikivu uliopotea kando ya injini, ngozi na neva za mpulizaji wa dawa kwenye shamba la maua, yote haya hulipiwa ikithibitika yametokana na kazi. Wachumaji wa tumbaku kule Urambo na Chunya wanaotapika na kupata kizunguzungu baada ya kuchuma majani yenye umande, mara nyingi huambiwa wana malaria. Nikotini hupenya kwenye ngozi iliyolowa.

Dawa ya tatizo hili ni kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni vipimo vya afya kabla ya kuanza kazi na vya kila kipindi, ambavyo sheria ya usalama inavitaka. Bila kipimo cha mwanzo, nani atasema kifua kilikuwa kizima siku unaanza? Ya pili ni daftari la upulizaji: tarehe, jina la dawa na kiambato chake, namba ya toleo, nani alipuliza, saa ngapi, kwa bomba gani, amevaa nini, upepo ulikuwaje. Daktari akishathibitisha ugonjwa, ichukulie tarehe hiyo kuwa mwanzo wa miezi yako 12. Madaftari haya yasichomwe shamba likibadili mwenyewe. Yaandikwe kwenye makabidhiano kama trekta na majengo yanavyoandikwa.

Kila mwezi, soma ulichoandika

Idadi ya majeraha peke yake inadanganya, kwa kuwa shamba la wakati wa mavuno lina watu mara tatu ya kawaida. Gawanya majeraha kwa siku-kazi (mtu mmoja akifanya kazi siku moja ni siku-kazi moja), kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme Machi kulikuwa na siku-kazi 3,200 na majeraha 8: ni 2.5 kwa kila siku-kazi 1,000. Juni siku-kazi 1,500 na majeraha 6: ni 4. Juni wameumia wachache, lakini kazi ya Juni ilikuwa ya hatari zaidi. Kisha tazama saa. Majeraha ya panga yakirundikana kuanzia saa saba mchana, watu wamechoka na wana kiu, na maji ya kunywa yaliyopelekwa fildini yanaweza kuzuia mengi kuliko mahubiri ya usalama. Tazama pia nani: wageni wa wiki ya kwanza kwa kawaida huumia kuliko wenyeji.

Kama unalima chako mwenyewe

Mkulima mdogo asiyeajiriwa na mtu hayumo WCF. Bima ya mazao na mifugo nayo, inayouzwa siku hizi kupitia vyama vya ushirika na benki, inalipa mahindi yaliyokauka au ng'ombe aliyekufa, hailipi mkono ulioingia kwenye mashine ya kupukuchulia. Ulizeni kwenye AMCOS yenu (chama cha ushirika wa mazao) kuhusu bima ya ajali binafsi kwa kikundi, maana kampuni hupunguza bei kwa wengi, na someni vizuri kama inahusu kuumwa na nyoka, sumu za dawa na ajali za mashine kabla ya kulipa. Bima ya afya itakutibu, ila haitakupa kipato cha miezi uliyolala. Na siku utakapomwita jirani akusaidie palizi kwa ujira, tayari wewe ni mwajiri: jina lake, tarehe na kazi aliyopewa viandikwe kabla hajashika jembe.